Mandari za Kaskazini ya Uingereza

Watu wa kaskazini ya Uingereza wana ada ambayo mgeni atokaye pwani ya Afrika Mashariki huiona mwanzoni kuwa jambo dogo, na akikaa nao kidogo huitambua kuwa ni mlango wa kuzijulia tabia zao nyingine: ikiwadia Jumamosi ya kiangazi, baba, mama, watoto, na mara nyingi bibi mzee, hutoka asubuhi kwa gari au kwa treni, wakaenda katika mji usio wao, wakashinda huko kutwa nzima, wakarejea usiku kulala nyumbani. Sisi mandari zetu twazifanya shamba au ufukweni, kwa sufuria na mikeka tuliyochukua wenyewe, na mji kwetu ni mahali pa kwenda kwa haja: kununua, kuuguza, kushitaki, kuoza. Wao huuendea mji kwa ajili ya kuutazama tu. Dada yangu, aliyehamia Leeds kwa kazi ya uuguzi na kuzalia watoto wake huko, ameishika ada hii kwa mikono miwili, na mimi na mama yetu tulipokwenda kumzuru alitutia ndani yake tangu juma la kwanza.

Shauri la mji upi uendewe lilikatwa Ijumaa jioni baada ya chakula, na wala halikuwa shauri jepesi, kwa kuwa kila mtu nyumbani alikuwa na sharti lake. Mama magoti yanamwuma, basi alitaka benchi linaloelekea jambo linalotembea, maana kukaa kutazama ukuta, alisema, angeweza kukaa Unguja. Dada alitaka choo kisicho mbali, pahala pa kuswalia pasipo na vurugu, na mwendo usiozidi saa mbili. Shemeji alitaka mahali pa kuliweka gari. Watoto, Salma na Nassor, walitaka kitu cha kushika kwa mikono yao. Likabaki suala la chakula, ambalo kwa familia ya Kiislamu ni zito kuliko yote. Huko samaki wa kukaanga na chipsi ndicho chakula cha mandari, na sifa yake imeenea Uingereza nzima; lakini katika Yorkshire maduka mengi bado hukaanga kwa mafuta ya ng'ombe, kama walivyokaanga wazee wao, na kwa Mwislamu asiyejua ng'ombe yule alichinjwa vipi, samaki aliye halali huingia shaka kwa sababu ya mafuta yake. Kwa hiyo dada alikuwa na mazoea ya kukaribia dirisha la duka na kuuliza kwa adabu, kabla ya kuagiza chochote, "Mnakaangia mafuta gani?" Sikuona muuzaji hata mmoja aliyechukia kuulizwa, na katika Whitby mama mmoja wa makamo, aliyekuwa na unga wa ngano mpaka kwenye viwiko, alitoka nyuma ya meza yake akatuonyesha kwa kidole duka la mshindani wake, ambako mafuta ni ya mimea.

Kwa kukaa katika mashauri yale, na kwa kuyaona matunda yake Jumamosi zilizofuata, nilipata rai ambayo naiandika hapa kwa kuwa naiamini: mji wa kumpeleka mtoto na mzee kwa siku moja ni ule ambao kazi bado inafanywa ndani yake mbele ya macho ya wapita njia, hata kama sifa zake vitabuni ni haba.

York ndio mji ambao kila jirani alitutajia kwanza, na fahari yake ni ya kweli. Warumi ndio walioujenga, na humo mwaka 306 Constantine alitangazwa na majeshi yake kuwa kaisari; ukuta wa mawe bado unauzunguka kwa sehemu kubwa, na mtu hutembea juu yake bila ya kulipa senti, akaliona kanisa kuu limesimama kati ya mapaa kama jabali. Kuna na kichochoro kiitwacho Shambles, ambacho zamani kilikuwa cha wachinjaji, na ghorofa za juu za nyumba zake zimeinamiana hata zimekaribia kugusana. Kulabu za kutundikia nyama zingali mbele ya maduka; nyama haipo, na chini ya kulabu zile huuzwa peremende na kumbukumbu za safari kwa umati usiopitika. Mama hakupata pa kukaa. Watoto walifurahi tulipoingia katika makumbusho ya taifa ya reli, yasiyo na kiingilio, ambamo limewekwa garimoshi la Mallard, lililokwenda kilomita 203 kwa saa mwezi wa Julai mwaka 1938 na ambalo hakuna garimoshi la mvuke lililolishinda tangu siku ile. Nassor alilizunguka, akaweka kiganja chake juu ya chuma cha buluu kilichong'arishwa, kisha akauliza, "Mjomba, linaondoka saa ngapi?" Nilipomjibu kwamba haliondoki tena, aliliacha papo hapo, akatuvuta mpaka stesheni, na saa nzima iliyofuata alisimama juu ya daraja la waendao kwa miguu akitazama treni za kila siku zinavyoingia na kutoka.

Dawa ya sikitiko lake tuliipata Jumamosi nyingine, katika bonde la Worth, magharibi ya Bradford. Huko iko njia ya reli ya kilomita nane hivi, itokayo Keighley hadi Oxenhope na kupita Haworth, mji wa mlimani walikoishi na kuandika vitabu vyao akina dada wa Brontë. Serikali iliifunga njia ile mwaka 1962. Wenyeji wakaungana wakaifungua tena mwaka 1968, na mpaka leo huendeshwa kwa auni ya watu wanaojitolea. Mkaguzi wa tikiti katika behewa letu, mzee mwenye saa ya mnyororo kifuani, alitwambia kwamba siku za kazi alikuwa mhasibu, na sasa amestaafu. Alimpa Salma koleo lake, akamwelekeza namna ya kuitia tikiti ya karatasi ngumu katikati ya meno yake na kubana mpaka ikatoka tundu, kisha akamwacha azitoboe tikiti za behewa zima, abiria nao wakingoja kwa subira kama wanaohudumiwa na afisa kamili. Babu za watu wale waliikimbia kazi ya makaa na masizi kila walipopata njia ya kuikimbia, na wajukuu wao wanaifanya bila ya ujira, wakiwa na furaha machoni. Niliulizana na shemeji hapo ndani ya moshi: jahazi zetu zitakapokwisha kabisa kubeba shehena, nani miongoni mwetu atatoka ofisini Jumamosi akatweke tanga kwa mapenzi tu, ili mtoto wa mgeni apate kushika kamba?

Skipton ni mji mdogo, na siku moja yaukidhi. Njia yake kuu ni pana, nayo hugeuka soko la wazi siku nne za juma. Juu yake iko ngome ambayo katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 17 ilizingirwa kwa muda wa miaka mitatu kabla ya kusalimu amri. Nyuma yake unapita mfereji uendao toka Leeds hadi Liverpool, wenye mashua nyembamba zilizopakwa rangi. Mama hakuitazama ngome. Alisimama mbele ya meza ya soksi za sufu, akaigeuza moja ndani nje, akavuta uzi kwa ukucha, akaipima kwa kiganja, na mchuuzi, ambaye hawakuwa na lugha moja, akamletea nyingine iliyo nzito zaidi bila ya kuambiwa.

Saltaire nataka kuisema kwa kirefu kidogo, ijapokuwa watoto hawakuipenda, kwa kuwa ndiyo iliyonifahamisha hii ada ya mandari ilitoka wapi. Bwana mmoja mwenye viwanda vya sufu, Titus Salt, aliyekuwa amechoshwa na moshi na maradhi ya Bradford, alijenga kando ya mto Aire kiwanda kimoja kikubwa, akakifungua mwaka 1853, siku alipotimiza umri wa miaka 50, na mbele yake akawajengea wafanyakazi wake mji kamili: nyumba za mawe kwa safu zilizonyooka, hospitali, skuli, mabafu, nyumba za wazee na ukumbi wa kusomea, na akazipa njia nyingi majina ya watoto wake. Baa hakuijenga hata moja. Mama alipoelezwa hilo alisimama kidogo njiani akalitafakari, akasema, "Basi huyu mtu alijali." Nami nakubali kwamba alijali, ila ihsani yake ilikwenda sambamba na mamlaka yake, maana mwenye kumpa mtu nyumba, kazi, tiba na kitabu ndiye mwenye kumpangia namna ya kuishi. Nguo zilizofumwa humo zilikuwa za sufu ya alpaka, mnyama wa milima ya Amerika ya Kusini, na ng'ambo ya vilima, katika Lancashire, zikifumwa za pamba, ambazo meli zilizileta mpaka Unguja na kuvikwa migongoni mwa bibi zetu. Kiwanda kilinyamaza mwaka 1986. Siku hizi ndani yake zimetundikwa picha za David Hockney, mchoraji mzaliwa wa Bradford, na palipokuwa na mitambo ya kufumia watu wanakunywa kahawa. Mtu mzima hutembea humo akifikiri. Watoto waliona kuta ndefu tu, wakaomba kwenda bustanini ng'ambo ya mto, ambako kuna sanamu za alpaka wanazoweza kuzishika masikio.

Watu wa viwanda vile walifanya kazi siku sita za juma ndani ya kelele ambazo, husimuliwa, ziliwazoeza kusomana midomo badala ya kusikizana. Mapumziko yao yalitokana na sikukuu za zamani za makanisa: katika Lancashire kila mji ulikuwa na juma lake la kiangazi, ambalo viwanda vyote vilifungwa pamoja, majiko yakapoa ili yasafishwe, na mji mzima, jirani kwa jirani, ukapanda treni kwenda pwani. Huu ukirudi, ule ukaenda. Blackpool, uliofikiwa na reli mwaka 1846, ulikua kwa ajili yao, na mnara wake wa chuma wenye urefu wa mita 158, uliofunguliwa mwaka 1894, ulimwezesha mtu wa kiwandani aone bahari kwa kimo ambacho matajiri hawakuwa nacho. Wako Waingereza wengi wanaoudharau mji huu kwa kelele zake na taa zake, na dada mwenyewe alisitasita kutupeleka. Mimi niliupenda, na naona wanaoudharau wamesahau ulijengwa kwa jasho la nani.

Jambo la Blackpool nitakalolisimulia mpaka uzeeni ni punda wa ufukweni. Hupandwa na watoto kwa kulipia, kila mmoja akiwa na jina lake limeandikwa kwenye hatamu, na baraza la mji limewawekea sheria: wasianze kazi kabla ya saa nne asubuhi, wasipitishe saa moja jioni, wapewe saa nzima ya mapumziko mchana, asipandishwe mtu mzito, na Ijumaa wasifanye kazi kabisa. Mama aliposikia Ijumaa alimtaka dada amrudie. Waliochagua siku ile hawakuwa na nia yetu, lakini alimkaribia punda mmoja wa kijivu, akamkuna baina ya masikio, akamwombea. Niliwakumbuka punda wa kwetu, wanaovuta gari za mchanga na saruji adhuhuri ya kiangazi bila ya mtu kuwahesabia saa, na niliona haya kwa niaba ya mji wangu. Mwezi wa Juni jua la huko halichwi mpaka saa tatu na nusu usiku ipite. Kati ya alasiri na magharibi pana wasaa ambao sisi wa Ikweta hatujapata kuujua, watu wakaondoka mmoja mmoja, maji yakatoka mbali, na magharibi tukaiswali juu ya mchanga mgumu huku mbingu bado ina rangi ya dhahabu upande wa Ireland.

Lakini mji uliokidhi masharti yote ya nyumba yetu ni Whitby, bandari ndogo ya mashariki iliyo mdomoni mwa mto Esk, kati ya majabali mawili. Juu ya jabali la mashariki yako magofu ya monasteri. Ya kwanza ilijengwa mwaka 657 chini ya mwanamke aitwaye Hilda, na miaka saba baadaye ndani yake wakuu wa dini walijadiliana hesabu ya sikukuu ya Pasaka mpaka ikakatwa kauli. Kupandia huko kuna ngazi 199 za mawe, zenye vituo vipana ambapo zamani waliochukua jeneza waliliteremsha wakapumzika. Desturi ni kuzihesabu kwa sauti. Wetu walizihesabu kwa Kiswahili, wakapishana na watoto wengine waliokuwa wakizihesabu kwa Kiingereza na kwa Kiurdu, na hapana wawili waliofika juu na jumla moja.

Mama alibaki chini, penye benchi, mbele ya daraja. Daraja lile la chuma hufunguka chombo kinapotaka kupita wakati wa maji kujaa: mlinzi hufunga njia, magari na watu husimama pande zote mbili, na nusu mbili za daraja zikageuka pole pole kila moja upande wake kama mlango wa pande mbili. Wenyeji waliokuwa na haraka hawakunung'unika. Ikapita mashua ya kamba-mti, makreti yamepangwa juu ya sitaha, kijana mmoja amekaa juu yake akila mkate. Mama alitwambia baadaye kwamba benchi lile angelikalia mpaka isha. Chini ya jabali, karibu na ngazi, iko nyumba ambamo tangu mwaka 1872 samaki wa heringi hupasuliwa na kutundikwa juu ya moshi wa miti. Kuta zake zimeganda masizi meusi yanayong'aa kama lami, na harufu yake hukaa katika buibui siku nyingi baada ya kurudi nyumbani.

Pembeni mwa gati watoto wa kila namna wamelala kifudifudi, kila mmoja na uzi wake na ndoo yake, wakivua kaa. Chambo chao ni kipande cha nyama ya nguruwe. Dada alikuwa amewafungia wetu utumbo wa samaki katika mfuko, na kaa hawakuonyesha kupendelea. Salma alijifunza kuinua uzi bila ya kuushtua, akimwona kaa anavyong'ang'ania kwa gando moja, akamweka ndooni penye maji na mwani. Walipofika saba alisimama, akaimwaga ndoo taratibu juu ya ngazi ya gati, na kaa wote wakaenda zao kwa upande. Mama, ambaye utotoni mwake alitoka na tenga kwenye mikoko kutafuta kitoweo, aliniuliza kwa nini wamewaachia. Nilimwambia kwamba ndiyo ada yao. Alifikiri, akasema kwamba mtoto aliyemshika kaa vizuri na akamwachia vizuri hajapoteza siku. Katika bandari hiyo hiyo James Cook alifika mwaka 1746 kuwa mwanagenzi katika merikebu za makaa ya mawe, na Endeavour, ambayo aliizunguka nayo dunia toka mwaka 1768, ilijengwa hapo kwa ajili ya kubeba makaa.

Safari ya mwisho tulikwenda South Shields, mdomoni mwa mto Tyne, na hiyo aliipendekeza shemeji, ambaye asili yake ni Hadhramaut. Tangu mwisho wa karne ya 19 meli za Kiingereza zilizopita Aden zilichukua Wayemeni kuchochea majiko, na wengi wakaweka maskani katika mji huu, wakaoa humo, wakapata na taabu humo, maana mwaka 1919 na 1930 kulizuka ghasia kwa sababu ya uhaba wa kazi melini. Na katika vita viwili vikuu wengi walizama na vyombo vyao. Wana msikiti, Al-Azhar, ambamo mwaka 1977 Muhammad Ali, bingwa wa ngumi, alikuja na mkewe, na ndoa yao ikaombewa dua. Siku hizi meli za makaa hazipo, ila kivuko kinakwenda na kurudi kati ya ng'ambo mbili za mto kutwa, na mabaharia wake hurusha kamba mbele ya watoto waliokodoa macho.

Juu ya kilima iko ngome ya Kirumi, Arbeia, ambayo hati ya kale inasema ililindwa na wanamaji wa mto Tigris. Hapo lilionekana jiwe la kaburi la mwanamke aitwaye Regina, mwenyeji wa kusini ya Uingereza, aliyekuwa kijakazi, akaachwa huru na kuolewa na Barates, mtu wa Palmyra katika Shamu. Alifariki akiwa na umri wa miaka 30. Mumewe alimchongea akiwa amekaa kitini, na kapu la mabonge ya sufu kando yake, akaandika kwa Kilatini kama ilivyopasa, kisha chini yake akaongeza mstari kwa lugha ya kwao. Mama hakuuliza habari za askari wala za ngome. Aliuliza ni nani katika mji ule aliyeweza kuusoma mstari wa chini.

Baada ya adhuhuri, nje ya msikiti, mzee mmoja alitusalimu kwa Kiarabu, akasikia shemeji anamjibu, akamwuliza kabila lake. Babu yake mwenyewe alitoka Aden katika tumbo la meli, na kabla ya hapo alikuwa na ndugu waliofanya biashara Unguja. Mama na yeye walikaa juu ya ukuta mfupi, dada akiwafasiria, wakataja miji ya pwani mmoja baada ya mmoja, ile aliyosikia kwa babu yake na ile aliyoiona mama kwa macho yake. Alituelekeza Ocean Road, ambako mikahawa ya Kihindi na ya Kibangali imepangana hadi karibu na bahari, akatutajia mmoja anaojua mchinjaji wake. Kisha akamshika shemeji mkono, akasema tusije tena kama wageni wa Jumamosi, tuje siku ya Idi, watoto wavae kanzu zao, na nyumba ya mtoto wake ina nafasi ya sinia mbili. Dada alitoa kalamu akaandika anwani.